Maswali ya Wasomaji: Hewa Baridi, Vumbi na Injini ya Pikapu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: je, nitoe mfumo wa hewa wa kiwandani kwenye pikapu yangu nifunge seti ya hewa baridi ya dukani? Kwa asiyeifahamu, seti hiyo huwa na bomba pana lenye kona chache, chujio kubwa la umbo la koni, na pengine boksi au ngao ya kukinga joto la injini. Tumechagua barua zinazotofautiana kwa injini na kwa barabara, maana jibu la Houston silo jibu la Simanjiro.

Shikamooni mafundi. Nina Hilux Revo ya 2019, dizeli ya 2.8. Naishi Arusha, na karibu wiki nzima niko kwenye njia za vumbi za Simanjiro. Duka moja la spea limenionyesha seti yenye chujio la koni lililo wazi na bomba la aluminiamu la milimita 76. Muuzaji anasema nitapata nguvu farasi 20 zaidi na mafuta yatapungua. Ninunue? — Msomaji, Arusha

Marahaba. Hiyo usiinunue, na tutakueleza kwa kirefu kwa sababu kosa hili linaua injini nzuri.

Tuanze na kile unachokitafuta, yaani hewa baridi. Boksi la chujio la Revo halivuti hewa iliyopashwa na injini. Pua yake imeingia upande wa madigadi, na inavuta hewa ya nje. Unaweza kupima mwenyewe kwa skana ndogo ya OBD, inayochomekwa kusoma kompyuta ya gari na kuonekana kwenye simu. Fungua kipimo cha joto la hewa inayoingia, kinachoandikwa IAT, endesha kilomita 80 kwa saa kwa dakika 10, kisha linganisha na joto la nje. Tofauti ikiwa ndani ya nyuzi 10, hewa yako ni baridi tayari, na hakuna bomba duniani litakaloishusha chini ya joto la nje. Angalizo moja: gari la turbo linaweza kuonyesha vipimo viwili, kimoja kabla ya turbo na kingine baada ya interkula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo. Hapa tunasoma kile cha kabla ya turbo.

Na hata ukifanikiwa kupunguza nyuzi 10 pale mlangoni, hewa inaongezeka uzito kwa takriban asilimia 3 tu. Kwenye turbo hata hiyo faida inaliwa, kwa kuwa turbo ikiikandamiza hewa inaipasha hadi kupita nyuzi 100, halafu interkula ndiyo inayoipoza. Kwa hiyo mwenye dizeli ya turbo anayetaka hewa baridi aanze kwa kuosha interkula, atoe tope, majani na wadudu walioganda kwenye mapezi yake, na akague mipira yake kama ina nyufa au mafuta yanayovuja kwenye klipu. Kazi hiyo haina gharama ya kutisha na matokeo yake yanaonekana mlimani.

Sasa vumbi. Chukua chujio linalonasa asilimia 99.5. Likipokea gramu 200 za vumbi, linapitisha gramu 1. Linalonasa asilimia 98 linapitisha gramu 4. Kwenye boksi la tangazo tofauti hiyo inaonekana kama asilimia moja na nusu. Kwenye ringi na kuta za silinda ni vumbi mara nne. Chembe zinazoumiza zaidi ni zile za takriban mikroni 5 hadi 20, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, kwa sababu zinaingia sawasawa katika unene wa utando wa oili na kusaga chuma kwa chuma. Turbo nayo inaumia: mabawa yake ya kuvutia hewa yanalika kingo kidogo kidogo. Dalili zikija zinakuja zote pamoja. Oili inapungua, moshi wa buluu unatoka, hewa inapumulia kwenye mfuniko wa oili, na injini haina nguvu tena. Wakati huo hakuna chujio litakalorudisha kitu.

Ndiyo maana muuzaji akisema chujio lake linachuja vizuri, muulize matokeo ya kipimo cha ISO 5011, ambacho ni kipimo cha kimataifa cha vichujio vya hewa vya injini. Kisha uulize lilipimwa kwa vumbi gani. Vumbi la majaribio lina madaraja. Laini huandikwa A2 na la chembe kubwa huandikwa A4. Chujio lolote linaonekana hodari mbele ya A4. Vumbi letu la kiangazi, lile linalobaki limeelea hewani dakika kadhaa baada ya lori kupita, ni laini. Asiye na majibu ya maswali hayo mawili hana sababu ya kukuuzia.

Jambo la tatu ni kipenyo. Sensa ya hewa, ile mafundi wanayoiita MAF, ina waya au utando wa moto unaopozwa na hewa inayopita. Haijui upana wa bomba. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ndiyo iliyofundishwa kiwandani kwamba upoaji kadhaa katika bomba la upana ule ni hewa kiasi fulani. Tuseme bomba la kiwandani lina milimita 70 kwa ndani pale sensa inapokaa, nawe unaweka la 76. Eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 18, kwa hiyo hewa ileile inapita taratibu zaidi na sensa inasoma pungufu kwa karibu asilimia 15. Kwenye dizeli, kontroli boksi ikiamini hewa ni kidogo inabana mafuta ili gari lisitoe moshi, na valvu ya kurudisha moshi, EGR, nayo inaendeshwa kwa hesabu isiyo sahihi. Gari linakuwa zito kuliko mwanzo na kosa la P0101, linalohusu usomaji wa sensa ya hewa, linawaka. Watu wengi hapo hubadilisha sensa nzima wakati yenye kosa ni bomba.

Fedha hiyo tungeiweka kwenye mambo mawili: chujio halisi la karatasi na snokeli, bomba la nje la kuvutia hewa, yenye kichwa cha kutenganisha vumbi. Snokeli ndiyo hewa baridi ya kweli kwa barabara zako. Inavuta juu ya usawa wa paa, nje kabisa ya joto la injini, na mahali ambapo vumbi ni pungufu kuliko kwenye tairi. Usiamini hadithi ya kwamba kichwa kinachotazama mbele kinasukuma hewa kwa nguvu kama turbo ya pili. Katika kilomita 100 kwa saa msukumo huo haufiki hata nusu ya asilimia moja ya shinikizo la hewa ya kawaida. Kwa hiyo ukiwa nyuma ya msafara kwenye vumbi, geuza kichwa kitazame nyuma bila wasiwasi, hupotezi kitu.

Kichwa cha kutenganisha vumbi kinazungusha hewa ili chembe nzito zitupwe pembeni. Kipo cha kujitupia vumbi chenyewe na kipo chenye bakuli la kumwaga kwa mkono. Cha bakuli kinataka nidhamu: likijaa kupita alama, vumbi linaendelea chini kwenye chujio. Na kichwa hiki hakichukui nafasi ya chujio hata siku moja, kwani chembe laini zinapita humo bila kuguswa.

Ubora wa kufunga snokeli uko kwenye viungo. Madigadi yakishatobolewa, chuma kilichobaki wazi kipakwe praima na rangi siku hiyohiyo, la sivyo kutu inaanza ndani usikoiona. Kila kiungo kati ya snokeli na boksi kipakwe silikoni, lakini ile isiyonuka siki, kwa sababu inayonuka siki inakula chuma. Iache ikauke saa 24. Bolti zilizopenya mwili wa snokeli nazo zizibwe. Tundu la kutolea maji chini ya boksi likaguliwe mpira wake; midomo yake ikiwa imekauka na kupanuka, maji ya mtoni yana mlango. Baada ya hapo washa injini, iache kwenye mwendo wa kusimama, na uzibe mdomo wa snokeli kwa kipande cha ubao bapa, kamwe si kwa kiganja. Injini inatakiwa ianze kukabwa ndani ya sekunde chache na kuelekea kuzima. Ondoa ubao mara tu unaposikia hivyo. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, inavuta hewa mahali pengine.

Jaribio la mwisho ndilo tunalolipenda kuliko yote. Paka grisi nyembamba sana kwenye ukingo wa ndani wa bomba safi, upande wa baada ya chujio. Tembea kilomita 500, fungua, pitisha kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na wekundu wa udongo, chujio halikukaa sawasawa, na kila siku unayoendelea ni hasara. Futa grisi yote kabla ya kufunga tena.

Habari zenu. Nina Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ, nabeba maji na chakula cha mifugo Kajiado. Ikipanda na mzigo inatoa moshi mweusi na inachoka. Fundi anapendekeza seti ya hewa baridi "ipumue". Mnaonaje? — Mfugaji, Kajiado

Moshi mweusi maana yake mafuta yamezidi hewa, kwa hiyo fundi wako amekaribia ukweli. Ila hewa unayoikosa hailetwi na bomba. Katika mwinuko wa Nairobi na jirani zake, karibu mita 1,700 hadi 1,800, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 16 kuliko Mombasa. 1HZ haina turbo ya kufidia, na pampu yake ya dizeli ni ya kimekanika: inapima mafuta kwa mguu wako na mwendo wa injini, haina sensa ya hewa ya kuiambia ipunguze. Kama pampu yako si ile yenye kifaa cha kufidia mwinuko, imewekwa kwa hewa ya pwani, na mafuta yanayobaki bila hewa yanatoka kama masizi.

Injini hii ya lita 4.2 ikizunguka mara 3,800 kwa dakika inavuta hewa ya karibu lita 6,700 kwa dakika. Nyumba ya chujio ya kiwandani inatosha kwa kiasi hicho chujio likiwa safi. Kwa hiyo pima kwanza. Funga kipimo cha uzibaji kati ya chujio na injini. Ni kifaa kidogo cha bei nafuu chenye kiashiria kinachobaki pale kilipofika. Panda mlima na mzigo, kisha kisome. Kikikaribia kilopaskali 6, ambazo ni kama inchi 25 za maji, chujio limekwisha. Kikiwa 2 au 3, hewa haikuzibwa popote, na hakuna seti ya kukusaidia. Nenda kwa fundi wa pampu, apime nozeli, aangalie majira ya pampu, na apunguze kiwango cha juu cha mafuta kidogo kidogo mpaka moshi ukate. Nguvu haitapungua kwa kiasi utakachokihisi, kwa kuwa mafuta yale hayakuwa yanaungua, na joto la moshi litashuka.

Tafadhali pia usifungue chujio kila jioni kulipuliza. Chujio la karatasi linachuja vizuri zaidi likishapata utando wa vumbi, na kila unapofungua nyumba yake vumbi kidogo linadondokea upande safi. Fungua kipimo kinapokuambia. Ukilazimika kulipuliza, upepo usizidi baa 2, upige kutoka ndani kwenda nje, ncha ya bomba ikiwa mbali na karatasi. Kisha weka taa ndani ukiwa gizani. Ukiona nukta moja ya mwanga, litupe. Baada ya kulipuliza mara 3 tungelibadilisha hata likionekana zima.

Habari za nyumbani. Niko Houston, Texas, naendesha Chevrolet Silverado 1500 ya 2018, V8 ya lita 5.3, petroli. Nataka seti ya hewa baridi, bajeti dola 400. Mwakani nitahamia San Diego kikazi. Nichague vipi, na je, naweza kufunga mwenyewe? — Msomaji, Houston

Njema. Hapa tuna jibu la matumaini zaidi. Injini ya petroli isiyo na turbo inafaidika na hewa baridi moja kwa moja, lami ya Houston haina vumbi la kutisha, na bajeti yako iko katikati ya soko, maana seti nyingi nzuri za pikapu huko ni kati ya dola 300 na 500. Lakini weka matarajio mahali pake. Faida utakayoipata bila kubadilisha programu ya kontroli boksi ni nguvu farasi chache, na karibu zote ziko juu, mizunguko ikipita 4,000. Ukiwa unaendesha kawaida mjini hutazihisi. Utakachokisikia ni sauti: mvumo mzito wa kuvuta hewa unapokanyaga. Sauti hiyo inawafanya watu waapie kwamba gari limekuwa jepesi, kwa hiyo pima. Chukua muda wa kutoka kilomita 40 hadi 100 kwa saa, mahali panaporuhusiwa, barabara ileile, mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, joto la nje likikaribiana, kabla na baada.

San Diego ndiyo inayokuchagulia. Jimbo lake, California, haliruhusu sehemu ya namna hii barabarani mpaka iwe na namba ya idhini ya CARB, bodi ya jimbo inayosimamia usafi wa hewa. Idhini hiyo inaitwa EO. Namba hiyo inakuja kwenye stika ndani ya boksi la seti, na idhini yenyewe inataja mwaka na injini. Hakikisha 5.3 ya 2018 imo, kisha bandika stika pale maelekezo yanapoonyesha, chini ya boneti, siku ileile ya kufunga. Watu huitunza droweni, na siku ya ukaguzi haionekani. Seti iliyoandikwa ya mashindano au ya nje ya barabara tu usiitazame hata kama ni nafuu. Epuka pia ile inayosema lazima ubadilishe programu ya kontroli boksi. Maana yake kipenyo pale kwenye sensa kimebadilika, na bila programu hiyo gari litakwenda na mafuta pungufu.

Kuhusu waranti, sheria ya shirikisho ya 1975, Magnuson-Moss, haimruhusu muuzaji kufuta waranti yote kwa sababu tu umeweka sehemu ya kampuni nyingine; anatakiwa aonyeshe kwamba sehemu hiyo ndiyo iliyosababisha hitilafu. Hata hivyo usitupe chochote cha kiwandani. Funga boksi la zamani na bolti zake kwenye mfuko, uliandike, uliweke darini.

Kwa umbo, chagua boksi lililofungwa pande zote lenye mfuniko, si ngao ya bati iliyo wazi juu inayotegemea boneti kuziba. Ubapa wa mpira ule wa juu ukikauka, hewa ya rejeta inapita. Bomba la plastiki au la chuma? Usilipie ziada kwa ajili hiyo. Hewa inapita ndani ya bomba kwa sehemu ndogo ya sekunde, haina nafasi ya kupashwa kiasi cha kuonekana unapokanyaga. Kwenye chujio, kwa mtu asiyependa kazi, tungechukua kavu, lisilopakwa oili. AEM wanalo, aFe wanaliita Pro Dry S, S&B nao wanalo la kavu. K&N ni la pamba lenye oili; linafanya kazi yake likipakwa oili kwa kipimo, na linaleta matatizo likizidishiwa, kama tutakavyoona chini.

Kufunga mwenyewe unaweza, saa moja na nusu ukiwa mtulivu. Injini iwe imepoa. Fungua nguzo hasi ya betri. Vuta kufuli ya soketi ya sensa kabla ya kuchomoa. Plastiki ile inakatika kwa haraka. Legeza klipu, toa bomba na boksi, kisha ziba mdomo wa throto, yaani mlango wa hewa wa injini, kwa kitambaa safi cha rangi kali, utakachokiona usije ukakisahau ndani. Itoe sensa kwa bisibisi inayoingia sawasawa kwenye bolti zake ndogo, na usiguse waya zake za ndani hata kwa pamba. Ukiirudisha kwenye bomba jipya, mshale wake uelekee injini. Ukiigeuza, gari litawaka lakini litasoma ovyo.

Unganisha kila kitu klipu zikiwa legevu, kisha tazama nafasi. Injini inajirusha upande unapokanyaga, kwa hiyo bomba liwe mbali na mkanda, feni na mabano kwa angalau milimita 20, na boneti ifunge bila kugusa. Bonyeza plastasini juu ya bomba, funga boneti, fungua, upime unene uliobaki. Ndipo ukaze klipu, kwa bisibisi ya mkono, mpaka mpira wa silikoni uanze tu kuvimba kando ya chuma. Ukizidisha unaukata. Bomba la kupumulia la injini lirudi kwenye kiungo chake bila ufa. Likiachwa wazi, injini inavuta hewa ambayo sensa haikuihesabu.

Rudisha betri, washa, iache dakika 10. Endesha kilomita 100 hivi, kisha soma kwenye skana marekebisho ya muda mrefu ya mafuta, yanayoandikwa LTFT. Ndani ya asilimia 5 juu au chini ni salama. Yakipita 10 upande wa kuongeza, kuna hewa inayovuja baada ya sensa au kipenyo hakilingani, na ukiyaacha taa itawaka na makosa ya P0171 na P0174, yanayosema mafuta ni pungufu kuliko hewa. Houston iko kaunti ya Harris, ambako ukaguzi wa moshi unasoma kompyuta ya gari. Taa hiyo ikiwaka gari halipiti.

Assalaamu alaykum. Niko Maskati na Land Cruiser 79 ya petroli, V6 ya lita 4.0. Kiangazi ni nyuzi 45, na mwisho wa wiki tunaingia mchangani Sharqiya. Rafiki ana koni wazi nyuma ya taa na anaisifu. — Msomaji, Omani

Waalaykumu salaam. Nje kukiwa nyuzi 45 na chini ya boneti 65, koni iliyo wazi inakupa hewa nyepesi kwa karibu asilimia 6 kuliko ya nje. Hiyo ni nguvu uliyoitupa, na juu yake kontroli boksi inachelewesha cheche ili injini isigonge kwa joto. Mchangani, ambako gari linakwenda polepole kwa mizunguko mikubwa na upepo wa mbele haupo, ndiko joto la boneti linakuwa baya zaidi, na ndiko unakohitaji nguvu. Kwa hiyo kwako boksi lililofungwa na snokeli vina faida unayoweza kuipima, kubwa kuliko ya wasomaji wote walioandika mwezi huu. Mchanga wenyewe ni chembe kubwa, chujio linauzuia. Linaloumiza ni unga unaobaki hewani nyuma ya gari la mbele. Soksi ya nje ya kitambaa juu ya chujio inasaidia kulirefushia maisha, lakini ioshe kila safari, ikauke kabisa kabla ya kuivisha.

Hilux Vigo yangu ya 3.0 ina tundu kubwa juu ya boneti. Hiyo si hewa baridi tayari? — Msomaji, Mbeya

Tundu lile halipeleki hewa ndani ya injini. Linapuliza interkula iliyokaa juu ya injini. Usilizibe, wala usilikate kuunganisha bomba la chujio. Kagua tu sponji inayoziba kati ya boneti na interkula. Ikiwa imelika, upepo unapita pembeni na interkula haipozwi.

Nimefunga seti ambayo chujio lake liko chini, nyuma ya bampa, ndiko kwenye hewa baridi. Nakaa Dar es Salaam, napita Jangwani kila siku. Kuna hatari? — Msomaji, Magomeni

Kubwa. Mto Msimbazi ukifurika, maji ya Jangwani yanalifikia chujio lako kabla hujaona hatari yoyote kutoka kwenye kiti. Maji hayakandamiziki, pistoni ikiyakuta inapanda, konrodi inapinda au inatoboa bloku. Kifuniko cha kuzuia matone kinakinga mvua, hakikingi chujio lililozama. Rudisha chujio juu kabla ya masika. Na ikitokea gari limezima ndani ya maji, usipige stata hata mara moja. Livutwe, plagi zitolewe, au nozeli kama ni dizeli, injini izungushwe kwa mkono mpaka maji yaishe.

Chujio langu la pamba lenye oili nililiosha kwa mafuta ya taa nikalipaka oili ya injini, kama nilivyoelekezwa gereji. Sasa gari linasitasita. — Msomaji, Nakuru

Oili ya injini haishiki kwenye pamba. Inavutwa na hewa na kuganda kwenye waya wa sensa, nayo sensa ikivishwa oili inasoma hewa pungufu. Mafuta ya taa nayo yanalegeza gundi ya mpira wa pembeni. Toa sensa, ipulizie dawa maalumu ya kusafishia sensa za hewa, si ile ya kabureta, mara kadhaa bila kuigusa, na iache ikauke dakika 20. Ndani ya bomba futa oili yote. Chujio, kama mpira wake bado uko imara, lioshe kwa sabuni yake, maji ya shinikizo dogo yatoke ndani kwenda nje, likauke kivulini bila kupulizwa. Paka oili yake maalumu mstari mmoja tu kila mkunjo, subiri dakika 20, ongeza palipobaki peupe. Likidondosha tone lolote, lining'inize hadi kesho yake kabla ya kulifunga. Ukibonyeza mpira wa pembeni ukabaki na alama ya kidole au ukachanika, nunua jingine.